Kupanga chumba cha kulala cha futi 10 kwa 10 kwa vitu vichache

Chumba nilichokuwa nimepanga Temeke, Dar es Salaam, kilikuwa cha futi 10 kwa 10, kina dirisha moja la nondo na wavu, na pangaboi katikati ya dari. Nilipohamia niliingiza kitanda cha 6 kwa 6, kabati la milango mitatu, meza ya kujipambia, kapeti la manyoya na mabegi manne ya shangazi kaja, mawili juu ya kabati na mawili uvunguni. Haikupita miezi mitatu ukuta wa nyuma ya kabati ukaota ukungu, na usiku nikawa nalala nikihema na feni inazunguka. Nikajisemea chumba ni kidogo, nitafute kingine. Kisha kunguni wakaingia. Ikabidi kila kitu kitoke nje ili dawa ipulizwe, na jioni ile nikasimama mlangoni nikakitazama chumba changu kitupu, cheupe, upepo unaingia dirishani na kutokea mlangoni. Nilikuwa nakilipia kodi muda wote huo bila kukiona.

Tangu siku ile nimepanga upya chumba changu na cha mdogo wangu wa kike, na nimewasaidia majirani wawili. Kipimo changu ni ufagio. Kama unaweza kufagia sakafu yote, kona kwa kona na uvunguni, bila kusogeza kitu hata kimoja, chumba kimekaa sawa. Ukilazimika kuinua, kusukuma au kuzunguka, hapo ndipo vumbi, mende na joto vinapokaa.

Wengine huuona mtindo huu kama jambo la picha za Ulaya na Japani, kuta za kijivu na kitanda kimoja katikati ya ukumbi. Lakini ukiingia kwenye nyumba za kale za mawe za Lamu utakuta akili hiyohiyo. Dari zake zilishikwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki mbali. Ndiyo maana vyumba vingi vina upana wa mita 2.5 hadi 3 tu, sawa na vyumba vyetu vya kupanga. Mafundi wakachimba zidaka, yaani vishubaka, ndani ya kuta nene, vyombo na vitabu vikakaa humo, na sakafu ikabaki na kitanda na mikeka. Kuta zilipakwa chokaa nyeupe. Zidaka hatuwezi kuchimba kwenye tofali za inchi 6 za mwenye nyumba, lakini wazo lake tunaweza kuliiga: kitu kiende ukutani au kiingie ndani ya kitu kingine, sakafu iachwe ipumue.

Hatua ya 1: Toa kila kitu nje

Chagua siku ya jua. Usianze wakati wa masika, mvua itakukuta na godoro uani. Kama uwanja ni wa wapangaji wote, waambie mapema kwamba siku hiyo utautumia. Anza saa mbili asubuhi, tandika jamvi au turubai, kisha toa kila kitu, na kitanda pia, kikiwa kimefunguliwa chaga. Usijaribu kuchambua vitu vikiwa ndani. Kitu kilichokaa mahali pake miaka miwili jicho limeshakizoea. Kikiwa juani ndipo unauliza kilikuwa kinafanya nini.

Gawa mafungu manne: vinavyorudi ndani, vya watu, vya kugawa au kuuza, na vya kutupa. Fungu la vya watu huwashangaza wengi. Sufuria ya shoga aliyehama, begi la binamu aliyekwenda Mwanza, kitabu cha mtu wa kanisani. Wapigie simu siku hiyohiyo, wape wiki mbili waje kuchukua. Feni mbovu na vyuma vya kitanda cha zamani wachukue wanunuzi wa vyuma chakavu wanaopita mtaani. Nguo nzuri zisizokutosha zipeleke msikitini, kanisani au kwenye kituo cha watoto, na zifue kwanza, maana anayepokea naye ni mtu.

Mabegi ya shangazi kaja yafungue yote. Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ndipo watu wengi wanapokata tamaa wakayarudisha juu ya kabati yalivyo. Nakusihi usifanye hivyo. Kwenye mabegi yangu manne nilikuta mashuka yaliyoliwa na panya, pazia za nyumba niliyoishi zamani, viatu vilivyomeguka soli na sweta mbili ambazo Dar es Salaam sikuwahi kuzivaa. Kanuni yangu: kitu ambacho masika ya mwaka jana hadi masika ya mwaka huu hakijatoka kwenye begi, hakirudi ndani.

Kuna mambo mawili ambayo kanuni hiyo haiyagusi. La kwanza ni nyaraka. Vyeti vya shule, cheti cha kuzaliwa, mkataba wa pango, kadi za kliniki na risiti za kodi visikae chini ya godoro kama tulivyozoea, kwa sababu jasho na unyevu vinapenya. Nunua faili moja la plastiki lenye mifuko, weka zote humo, na faili likae sehemu moja daima. La pili ni kumbukumbu. Nina doti ya kanga ya marehemu bibi yangu, siivai na siigawi. Mtu asikwambie kwamba kupunguza vitu ni kuwatupa watu wako. Chagua vichache unavyovipenda kweli, vipe mahali pa heshima. Vikiwa kumi na tano vimebanana ndani ya kiroba, hata wewe huvioni.

Hatua ya 2: Pima, kisha chora kwa chaki

Chumba kikiwa kitupu na kimefagiwa, chukua futi kamba. Pima urefu, upana, kimo cha dari, upana wa dirisha, na mlango unafungukia upande gani. Halafu chukua chaki uchore kitanda sakafuni kwa ukubwa wake halisi, na kabati pia, na milango yake ikiwa wazi. Tembea katikati ya michoro hiyo. Ukitaka njia ya kupita bila kugonga goti, acha walau futi 2.

Hesabu yenyewe ni hii. Chumba cha 10 kwa 10 kina futi za mraba 100. Kitanda cha 6 kwa 6 kinakula 36, cha 5 kwa 6 kinakula 30, cha 4 kwa 6 kinakula 24. Ukiweka cha 6 kwa 6, upana unabaki futi 4; kabati lenye kina cha futi 2 likisimama mkabala nacho, zinabaki futi 2, na mlango wa kabati ukifunguka unazimaliza karibu zote. Hilo ndilo kosa langu la Temeke. Wawili wanalala vizuri kwenye 5 kwa 6, na mtu mmoja anatoshwa na 4 kwa 6. Fundi aliyenitengenezea kitanda changu cha kwanza alinishauri nichukue kikubwa kwa kuwa bei haikupishana sana, nami sikuwa nimepima kitu.

Hatua ya 3: Kuta

Kabla ya rangi zungumza na mwenye nyumba. Akikubali kukukatia gharama kwenye kodi, liandikwe, hata kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari yenye sahihi zenu.

Ukungu uutibu kwanza. Changanya jiki na maji, sehemu 1 kwa 3, sugua kwa brashi huku dirisha na mlango viko wazi, acha dakika 15, suuza, kisha ukuta ukauke kabisa. Jiki usiichanganye na dawa ya choo wala sabuni nyingine ya maji yenye ukali. Mvuke wake ni sumu. Kama ukuta unatoa chumvi, yale manyoya meupe yanayobanduka karibu na sakafu, yakwangue makavu kwa brashi na usipake rangi ya mafuta juu yake. Unyevu utakosa pa kutokea, rangi itavimba kama lengelenge na kubanduka.

Rangi iliyobaki nzuri iguse kwa msasa kidogo, ziba nyufa, futa vumbi, kisha piga rangi ya maji mikono miwili. Kuta nne za futi 10 zenye kimo cha futi 9 ni futi za mraba 360, yaani kama mita za mraba 33, na ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama 30. Lita moja hupaka takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja kwenye ukuta laini. Kwa hiyo lita 6 kwa mikono miwili. Nunua makopo mawili ya lita 4, kinachobaki utazibia madoa.

Kuhusu rangi yenyewe nina msimamo: nyeupe ya maziwa au krimu kuta zote na dari, basi. Nyeupe kali kama karatasi inaumiza macho chini ya jua letu. Ukuta mmoja wa damu ya mzee au kijani kibichi, kama inavyopendwa siku hizi, unakifanya chumba kidogo kionekane kimesogea ndani. Kama vumbi la mtaani kwako ni jekundu au una watoto wanaoshika ukuta, chukua aina ya silki inayofutika kwa kitambaa chenye maji. Chokaa tupu ni nafuu na ukuta unapumua, ila huacha weupe kwenye nguo ukiegemea.

Baada ya hapo chagua rangi mbili tu za vitu vingine vyote: mashuka, pazia, kikapu, mto. Mimi nina rangi ya mbao na rangi ya ugoro. Mdogo wangu ana samawati na mbao. Watu wengi hudhani chumba chao kina vitu vingi, kumbe kina rangi nyingi.

Hatua ya 4: Kitanda na chandarua

Ukitengenezesha, iwe kwa mafundi wa samani wa Keko au kwa fundi wa mtaani, mpelekee vipimo vilivyoandikwa. Picha ya simu peke yake haitoshi, kila mtu ataisoma anavyotaka. Mwambie hutaki nakshi wala kichwa cha sponji. Kichwa cha sponji kilichoshonwa vitufe ni nyumba ya kunguni, na mimi nimewakuta humo. Taka mbao tupu iliyopigwa msasa na vanishi. Mninga na mkongo hudumu na mchwa hawazipendi. Paini ni nafuu, ila itiwe dawa.

Uvungu uwe na moja kati ya hali mbili: wazi kabisa, inchi 10 au zaidi ili ufagio na mkono vipite, au umefungwa kwa droo mpaka chini. Uvungu wa inchi 4 haufai kwa lolote. Haufagiki, haupokei boksi, na panya wanaupenda.

Kisogeze kitanda shibiri moja kutoka ukutani ili uweze kuchomekea chandarua pande zote, na ili shuka lisishike unyevu. Usikibananishe na dirisha kama unakaa chini. Mvua huingia, na vibaka wa mijini wanajua kuvua simu na nguo kwa mti kupitia kwenye nondo.

Chandarua hakikwepeki pwani, na watu wengi wanaopenda chumba tulivu hukiona kama kinaharibu sura. Kinaharibu sura kikiwa kimefungwa fundo katikati na kuning'inia kama mzigo. Chagua cheupe, cha pembe nne, chenye fremu ya vyuma vyembamba inayosimama kwenye miguu ya kitanda. Cha duara kinataka ndoano katikati ya dari, na hapo ndipo pangaboi lilipo. Asubuhi kikusanye pembe mbili za kichwani, ukifunge kwa utepe wa rangi ya shuka. Kama ni kipya chenye dawa, kitundike kivulini saa 24 kabla ya kulalia. Ukikifua tumia sabuni ya kawaida, usitie jiki, kianike kivulini.

Mashuka jozi tatu zinatosha: moja kitandani, moja imefuliwa, moja ya akiba kwa siku za mvua ambapo nguo hukaa kambani siku mbili. Mito miwili. Ile mito saba ya mapambo inayoshushwa kila usiku na kupandishwa kila asubuhi mwishowe hulala sakafuni.

Hatua ya 5: Dirisha

Kipande kimoja cha pamba nyepesi, rangi moja, upana mara moja na nusu hadi mbili ya dirisha. Nje kukiwa na watu wanaopita, ongeza shia nyeupe, kile kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga, nyuma yake. Bomba la pazia lipandishe nusu futi juu ya dirisha na lizidi pembeni kila upande, ili ukifungua pazia likae ukutani na dirisha lote libaki wazi. Pindo liishie inchi moja juu ya sakafu. Mapazia ya vitambaa vitatu yenye mikunjo mikubwa juu yanapendeza sebuleni kwenye kiyoyozi. Kwa chumba kinachotegemea upepo, yanauzuia.

Hatua ya 6: Nguo

Kabati la milango miwili, futi 4 kwa upana, linatosha mtu mmoja na hata wawili wakipatana. Liache inchi 2 au 3 kutoka ukutani. Pengo hilo dogo ndilo lililomaliza ukungu wangu, kwa sababu hewa inazunguka nyuma. Kama unanunua jipya, chukua lenye kimo kinachokaribia dari, halafu hakuna begi litakalopata mahali pa kupanda.

Ndani, nguo za kutundika ziwe kwenye henga za aina moja. Kanga na vitenge vikunje kwa upana mmoja, uvisimamishe kwenye droo kama vitabu ili uone pindo la kila kimoja bila kufukua. Nguo iliyovaliwa mara moja, isiyo chafu wala safi, ndiyo inayoishia kwenye kiti cha kila chumba nchini. Ipigie ndoano tatu nyuma ya mlango. Tatu tu. Zikijaa, moja inakwenda kwenye tenga la nguo chafu.

Viatu viwili vya kila siku vikae mlangoni, vingine ndani ya kabati, chini. Meza ya kujipambia niliiuza. Kioo kirefu kimoja ukutani mkabala na dirisha kinarudisha mwanga, na kibao chembamba chini yake kinabeba mafuta, kitana, udi na wanja.

Hatua ya 7: Taa na nyaya

Badilisha balbu. Ile nyeupe kali inafaa jikoni. Chumbani nunua ya mwanga wa njano, kwenye boksi imeandikwa 2700K au 3000K. Taa ndogo ya kusomea ishikizwe ukutani, isikae sakafuni.

Ekstensheni iwe moja, imepigwa msumari kwenye mguu wa kitanda au ubavuni mwa kabati, na usichomeke ekstensheni nyingine juu yake. Waya usipite chini ya godoro wala chini ya mkeka, kwa sababu joto linakosa pa kutokea na moto huanzia hapo.

Hatua ya 8: Sakafu na pambo

Kapeti la manyoya nililitoa na sijalikumbuka. Linanusa unyevu na kushika mchanga. Simenti laini au marumaru iliyopigwa deki ni baridi ya bure miguuni. Ukitaka kitu cha kukanyagia ukishuka kitandani, tandika mkeka wa ukindu, mmoja, wa rangi yake ya asili au wenye mistari michache. Unakung'utwa nje kwa dakika moja.

Pambo ni moja. Kwangu ni kanga ile ya bibi, imenyooshwa kwenye fremu ya mbao ukutani juu ya kichwa cha kitanda, na jina lake linasomeka ukiwa mlangoni. Wageni huisoma kabla hawajasalimia. Ilipokuwa ndani ya begi hakuna aliyewahi kuisoma, nami mwenyewe nilikuwa nimeshasahau imeandikwa nini.

Mgeni akija

Nyumba zetu hazikosi mgeni, na mpango wowote usiomhesabu mgeni utavunjika mwezi wa kwanza. Weka godoro jembamba la inchi 4 lililovikwa foronya ya zipu, limeviringishwa na kusimamishwa ndani ya kabati, pamoja na shuka moja, mto na chandarua cha duara kilichokunjwa. Piga ndoano moja darini kwenye kona iliyo mbali na pangaboi. Shangazi akishuka kwenye basi la usiku anakuta sakafu wazi, unatandika mkeka, godoro juu yake, chandarua kinaning'inia, na kunabaki njia ya kwenda mlangoni bila kumkanyaga. Asubuhi vyote vinarudi kabatini, unachukua ufagio, na begi lake unalipa nafasi pale kando ya kabati mpaka siku ya kuondoka.